Ukungu Ndani ya Kamera

Dada yangu mpenzi,

Barua hii ikufikie ukiwa mzima, wewe na shemeji na wanangu watundu. Goti lako likoje na baridi hii? Usilidharau, lifunge kitambaa, na maji ya kisimani wachote hao vijana wako, wana nguvu za bure.

Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Ndoa imenikubali, dada. Mpaka leo nikitamka “mume wangu” dukani nacheka mwenyewe, na muuza duka ameshanizoea, ananiuliza, “Haya, mumeo leo anataka nini?” Kila asubuhi kabla hajaenda karakana ananiletea chai kitandani. Chai yenyewe maji matupu, majani ameyaonea huruma, lakini nainywa mpaka chini na kumwambia ahsante. Ningekuwa na maneno mazuri kuliko haya ningekuandikia, ila najua utacheka useme huyu mtoto kalewa.

Lakini kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Linahusu mume wangu na kamera yake, na tangu lianze limenikosesha raha. Nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka siku waliyokuja kuposa, wazee wamekaa ndani wanamsubiri, nawe ukamkuta uani kapiga magoti ukadhani anaswali? Kumbe anampiga picha panzi. Ukamwita Bwana Panzi, na jina likamkaa. Basi sasa naishi na Bwana Panzi na nimejua kazi yake yote. Mchana anashona makochi, anakaza springi, anapiga misumari. Ila mvua za masika zikianza, roho yake haiko karakana. Anasema mvua ikikatika tu, kila jani linapata mwenyewe: kumbikumbi, kerengende, nyigu, na buibui wa kila namna. Lenzi ameifunga kinyumenyume kwa mpira wa baiskeli ili ikuze vitu, na taa ya kamera ameivika kipande cha chupa nyeupe ya maziwa ili mwanga usimchome mdudu. Kioo cha nyuma kilipasuka zamani, kwa hiyo anafumba jicho moja na kuchungulia kwenye kitundu. Hazungushi kitu chochote kwenye lenzi. Anajisogeza tu, mbele kidogo, nyuma kidogo, pumzi ameibana, mpaka jicho la mdudu litulie. Jicho kwanza, ndiyo kauli yake. Mbawa zikiwa nzuri na jicho lina ukungu, basi hiyo ni maiti ya picha.

Kazi yangu mimi ni kushika mwavuli. Ndiyo, mimi niliyekuwa nakuita kwa mayowe uje na kandambili nikiona buibui! Nashika mwavuli huku nimefumba macho, kwa mapenzi. Mama mwenye nyumba akipita husema hajawahi kuona bibi harusi anayetandikiwa utando wa buibui mlangoni, na kwamba nikitaka ufagio anao.

Sasa msimu huu picha zilianza kuharibika. Tulizitazama kwenye kompyuta ya rafiki yake wa karakana, na kila mdudu alikuwa na mguu wa nyuma safi kabisa na uso umefifia. Mume wangu akasema lenzi imeota kuvu kwa unyevu, ni ugonjwa wa kamera zote wakati wa mvua, na kwamba alianza kuuona huo ukungu tangu kabla ya harusi. Akaiweka kwenye kopo la mchele mkavu. Akaianika juani, jua lenyewe la kubahatisha. Akaifuta kwa kipande cha hariri mpaka nikaona wivu. Mwishowe akaipeleka kwa fundi wa kamera, mzee mmoja mkavu wa maneno, naye akaimulika na kusema lenzi haina hata doa, arudi nyumbani akanywe maji. Mume wangu akarudi amevimba, akisema yule ni fundi wa jina tu.

Basi akaacha kutoka. Mvua inakatika, kerengende anatua kwenye kamba ya nguo, mwekundu kama pilipili, naye amekaa tu anamtazama. Nilijaribu kumchekesha, wapi. Akasema ataigawa kamera, ni mambo ya kitoto, mtu mwenye mke ashike lake. Dada, furaha ilikuwa inamtoka kama upepo kwenye tairi, na mimi nimeolewa na furaha ile. Nikaona kamera ikitoka mle ndani, itatoka pamoja na mtu niliyempenda.

Jumamosi nikamkokota. Nikamwambia kuna buibui mdogo kwenye majani ya maboga, anaruka kama kaumwa, na kwamba kama haji nitakwenda peke yangu na nikizimia shauri yake. Akaja kwa kunionea huruma. Akalala tumboni kwenye matope, akachungulia, akaguna, akachungulia tena, kisha akanipa kamera nimshikie ili afute viwiko. Hajawahi kuniachia ile kamera hata siku moja. Nami kwa utundu tu nikaweka jicho kwenye kitundu.

Lo, dada! Niliona macho manne yamepangwa kama shanga, mawili ya katikati makubwa meusi, yananitazama mimi. Nywele za usoni zimebeba matone ya mvua, kila tone limesimama peke yake. Nilisahau kuogopa. Nikamwambia mume wangu, mbona ni kweupe pe!

Akachukua kamera, akatazama, akasema ukungu mtupu. Nikasema hakuna ukungu. Akasema nimeambiwa na nani nimdanganye ili afurahi. Nikamwambia mimi si mwongo. Akasema hata yule mzee wa kamera alisema hivyo hivyo, labda tumekula njama. Hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza tangu tuoane, tumelala kwenye matope, mwavuli umetuangukia, na mama mwenye nyumba dirishani anasikia vyote. Nililia kwa hasira. Nikamwambia basi tazama kama nilivyotazama mimi, fumba jicho la kulia kama nilivyofumba mimi, utumie la kushoto, uone kama nimekudanganya!

Akafanya hivyo kwa kunikomoa.

Akahamisha kamera jicho la kulia, akairudisha la kushoto. Kisha akaiweka chini polepole, akanigeukia, akanitazama kwa jicho moja, halafu kwa jingine. Nikamwuliza anaona nini. Akasema kwa la kushoto anaona machozi yangu. Kwa la kulia anaona rangi ya kitambaa changu tu.

Maisha yake yote anachungulia kwa jicho la kulia, na la kushoto analifumba. Akiinua uso na kufumbua yote mawili, jicho zima linalisaidia lile bovu, dunia inarudi kuwa safi. Angejuaje? Kila alipouona ule ukungu, kamera ilikuwa usoni.

Hospitali daktari aliuliza kama aliwahi kupigwa jichoni. Akasema hapana, kisha akakumbuka mwaka jana springi ya kochi ilimrukia, akaosha kwa maji akaendelea kushona. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, na atatolewa, na mahali pake patawekwa lenzi ndogo. Mume wangu aliposikia lenzi akauliza kama nayo huota kuvu. Daktari alicheka, lakini hakutuficha: yeye mwenyewe bado hawezi kuona vizuri nyuma ya huyo mtoto, na kama lile pigo lilifika mbali, jicho halitarudi kama zamani. Upasuaji ni Jumatano ijayo.

Sasa sikia ninalotaka kukuungamia. Njiani kurudi aliniomba nisikwambie. Alisema utasema umeozesha mdogo wako kwa mtu mbovu, tena aliyeficha ubovu. Akasema, kichwa chini, kwamba nikitaka kurudi kwako kabla mambo hayajawa makubwa hatanilaumu. Tulifika nyumbani. Nilimuwekea chakula, nikamwambia ale, na akishakula anitajie nani amemfundisha upuuzi huo. Nilikubali kunyamaza, dada, na nimevunja ahadi. Nilimwambia leo mchana kwamba naandika. Alishika mlango kitambo, kisha akasema basi nikuandikie na yeye anakusalimu.

Najua ulivyo. Ukisoma hapa utaanza kufunga mzigo uje unichukue. Funga mzigo, ila uje ukae nami Jumatano kwenye lile benchi la hospitali, maana nikiwa peke yangu nitalia na yeye atanisikia.

Jana nilimwuliza akifunguliwa bandeji anataka kuona nini kwanza. Nilijiweka sawa, hata wanja nilikuwa nimepaka. Akasema anataka kumwona nyigu anayejenga chini ya dari la jikoni. Nikanuna! Akasema nyigu anaweza kuhama kabla hajapona, ndiyo maana ana haraka naye. Halafu akaongeza, taratibu, kwamba mimi nitakuwepo. Hakuuliza, dada, lakini alisubiri kama aliyeuliza. Nikachukua mkono wake nikauweka shavuni kwangu, upande unaoelekea jicho lake bovu, nikamwambia nipo.

Nisalimie shemeji, wabusu wanangu, na majirani wote wanaoniulizia waambie sijarogwa, nimependa tu. Ukija njoo na viatu vya mvua, njia ya kwetu ni tope.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mke wa Bwana Panzi