Lavabo ya Mama Haikutupwa

Butembo, Jumamosi

Na haikuvuja hata tone moja.

Fundi wa mabomba alikuwa amekwisha kuhukumu. Lavabo ya chuma, sinki la kuoshea vyombo alilolinunua marehemu Baba na ambalo Mama alilileta kutoka kijijini Masereka, shingo yake ya kutolea maji ni pana kuliko bomba la plastiki la nyumba yangu mpya. “Mwalimu, hii ni ya zamani sana. Mutupe, mununue ya sasa.” Mama aliifunika kwa kitenge chake, kama mtu afunikaye maiti.

Leo niliwasha makaa, nikapasha ncha ya bomba hadi ikalainika, nikaivalisha ile shingo. Kisha nikaikaza kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, jinsi Baba alivyokuwa akifunga magunia ya viazi. Kama ingevuja, ningekosa neno la kumtetea Mama.

Fundi, aliyerudi kutazama, alikunja ncha ya kitenge, akamimina maji, akapitisha kidole chini ya kiungo. Kikavu. “Eh, mwalimu! Kumbe chaki haikuharibu mikono!”

“Ni mutoto wa baba yake,” Mama akasema.

Nimepigiwa makofi katika mikutano mingi, lakini leo…

Mama alikiondoa kitenge, akajifunga kiunoni, akaanza kuosha sombe, majani ya muhogo, ndani ya lavabo yake.