Gari la Krimu na Gari la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, halafu tafuta kiti ukae, maana barua hii ni ndefu na wewe ukisoma umesimama huruka mistari. Wifi hajambo? Na wale watoto, yule wa mwisho bado anavaa viatu kushoto kulia? Mwambie shangazi yake anamkumbuka. Sisi huku wazima. Mama ni mzima kuliko sote, nitakueleza. Kinacholalamika ni goti langu la kulia tu, lakini mtu anayekanyaga breki kwa niaba ya watu wengine mwaka hadi mwaka, goti lake lina haki ya kulalamika.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, Kaka. Nikianza neno unalimalizia wewe, tena unalimalizia pasipo pake. Karatasi haikatizwi, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Basi. Unalikumbuka lile gari la rangi ya krimu la Daktari wa Miwani? Unalikumbuka sana, maana wewe ndiye uliyenibandika jina la Pua kwa sababu yake. Kila tukitoka shule lazima nigandamize pua kwenye kioo cha mlango nitazame ule usukani mwembamba na vile viti vyekundu, na mzee anatoka na kitambaa chake, anafuta alama ya pua yangu bila hata kunigombeza. Taa za mviringo, bampa zinazong'aa mpaka unaweza kuchania nywele. Nilikwambia siku moja litakuwa langu, ukacheka ukasema nianze kwanza kufua soksi zangu. Soksi nimefua, Kaka. Na miezi miwili iliyopita mzee akaniita.

Macho yamemwishia. Mtu aliyewavisha miwani nusu ya mji huu, leo anapapasa kikombe mezani. Aliniambia wanawe hawalitaki lile gari, wao wanataka magari yanayojiendesha nusu, na yeye hayuko tayari kumpa mtu ambaye hajawahi kubandika pua kwenye kioo chake. Nilicheka, lakini machozi yalinilengalenga. Kisha akasema fedha hataki. Mpwa wake ana shule ya udereva, anatafuta gari lililokwisha kufungwa pedali za mwalimu upande wa abiria kwa ajili ya tawi lake la mbali, na sifa za gari langu zimemfikia. Basi tubadilishane, gari kwa gari. Mimi nikipenda, huyo mpwa angenichukua nifundishe kwenye tawi lake la hapa, kwa magari yake mapya.

Hebu pima mwenyewe. Gari langu, yaani gari la Baba, ni lile ulilosema baada ya mazishi kwamba limechoka kuliko sisi wafiwa. Mlango wa nyuma unafunguka kwa ndani tu. Gia ya tatu mpaka uibembeleze. Na kile kibao changu cha kufundishia juu ya paa kinalifanya lionekane kama limebeba sanduku kichwani. Nitoe hilo, nipewe ndoto ya maisha yangu! Hata wewe ungesema, wewe Pua, unangoja nini?

Nikaenda kulijaribu. Hapa cheka upendavyo. Mzee alinikabidhi ufunguo, nikalizunguka gari, nikafungua mlango, nikaketi, nikafunga mkanda, nikatulia nikamngoja dereva. Kiti cha abiria! Mazoea yana tabu. Mzee alisikia ni mlango upi uliofungwa, akauliza kutoka nje leo anaendesha nani, maana yeye hawezi. Nikahamia upande wa usukani mashavu yakiniwaka moto. Lakini lilipowaka, Kaka, nilisahau umri wangu. Niliendesha mpaka mzunguko wa soko na kurudi, watu wanasimama kutazama, na mimi shingo juu kama bibi harusi. Nilimwambia mzee nitampa jibu Jumatatu, lakini jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Kilichonizuia ni mwanafunzi mmoja.

Wanafunzi ninao wengi, ila huyu ni wa peke yake. Mtu mzima, mbishi, alianza kwangu hajui hata mkanda unavutwa upande gani. Huja na mto wake wa kukalia. Hulisalimia gari kabla ya kuingia, na likizimika katikati ya barabara huliambia pole. Gia alizimudu upesi hata nikashangaa. Kilichomshinda ni kurudi nyuma. Akigeuza shingo tu mikono inaganda, uso unabadilika, na koni zangu za mazoezi zote zinalala chini. Nikajua ni woga wa kawaida, nikamwambia mazoezi ndiyo dawa.

Wengine wote wangehamia kwenye magari ya mpwa na kunishukuru kwa kiyoyozi. Huyu nilipomwambia gari hili linaondoka na atamalizia kwa jingine zuri zaidi, alizima injini, akavuta breki ya mkono kama nilivyomfundisha, akasema hataki. Anataka hilihili. Hili ndilo lililomshinda, na akijifunzia jingine atakuwa amelikimbia. Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia usukani ni usukani. Akanijibu kwamba mali ni yangu, nifanye nipendavyo, ila yeye ataachia hapo.

Na akiachia hapo anapoteza nyumba yake. Jamaa zake walikuwa wanakuja kumhamisha, kwa upendo kabisa, siwasemi vibaya, kwa sababu anaishi peke yake mbali na hospitali, na akiugua hana wa kumkimbiza. Leseni ndiyo hoja pekee aliyokuwa nayo ya kubaki chini ya paa lake.

Wiki ile nilikuwa mkali kwa kila mtu. Mwanafunzi mmoja aliwasha vifutio vya mvua badala ya taa, nikamfokea mpaka akataka kulia, maskini. Nilikuwa najiambia kwamba nimengoja tangu niko shule ya msingi, kwamba mimi nami ni mtu, kwamba kila mtu ana zamu yake. Yote hayo ni kweli. Ila Jumatatu nilimwambia mzee hapana, na moyo wangu ukanizomea palepale. Akauliza kama injini imenitia shaka. Nikamwambia hapana, ni mwanafunzi. Akasema kumbe nimekuwa mwalimu kweli, akaingiza mkono mfukoni akanipa kile kitambaa cha kufutia kioo. Mwishowe mzee akaliuza, shingo upande, kwa mpiga picha wa harusi. Juzi limenipita lina maua ya plastiki kwenye bampa, nikasimama kando ya barabara nikauma mdomo. Liliniuma, Kaka, na bado linaniuma. Lakini sijuti.

Sasa kaa vizuri. Huyo mwanafunzi ni Mama.

Usishike simu! Endelea kusoma. Ndiyo, Mama yetu, na hao jamaa wanaokuja kumhamisha ni wewe. Alianza wiki ileile uliyomwambia kwamba umeshapaka rangi chumba chake na mwisho wa mwezi huu unakuja kumchukua. Hakubishana nawe, unamjua. Alikata simu, akaja kwangu na mto wake kwapani, akaniambia nimfundishe na wewe nisikwambie neno.

Jambo la pili aliniambia tukiwa kwenye ule uwanja nyuma ya maghala, siku moja baada ya mimi kukataa gari la krimu, koni zimelala chini kama kawaida. Siku Baba alipoanguka uani, mimi na wewe tunajua kwamba Mama alikimbilia barabarani kuwaita watu. Hatukujua kwamba kwanza alimkokota Baba mpaka kiti cha nyuma. Alichukua ufunguo msumarini, akakaa mbele ya usukani, akaliwasha. Lilikubali. Lakini lilikuwa limetazama ukuta, kama Baba alivyoliegesha siku zote, na kutoka ilikuwa lazima kurudi nyuma. Kwenda mbele labda angebahatisha kwa jinsi alivyomwona Baba, lakini kurudi nyuma hakujua. Akashuka, akamwacha Baba mle ndani, akaenda kutafuta mwanamume anayejua kuendesha. Daktari wa hospitali alimwambia baadaye kwamba hata angewahi, Baba asingepona. Mama anasema yule daktari ni mtu mwema.

Nilishuka, nikasimamisha koni, nikarudi kwenye kiti changu. Nikaiondoa miguu yangu kwenye pedali, nikaikunja juu ya kiti ili aone kwamba simsaidii, nikamwambia Mama, haya, rudi nyuma. Akageuza shingo. Akatazama kile kiti cha nyuma kwa muda. Kisha akarudi nyuma, polepole, na hakuangusha hata koni moja. Tulilia mpaka mlinzi wa maghala akaja kuuliza nani amekufa.

Alifaulu Alhamisi. Mtahini alikuwa na sura chungu kama shubiri, akang'ang'ania kile kishikio cha mlangoni tangu mwanzo, na Mama akamwambia, achia tu, mwanangu, hakuna haja. Alimwegeshea kinyumenyume kati ya magari mawili, mtu hakuamini macho yake.

Na gari nimempa. Fundi amefungua zile pedali zangu, sakafu imebaki na matundu, Mama ametandika kipande cha zulia juu yake. Kibao nimekishusha. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi zimeniponyoka zote mbili, na sijawahi kutembea kichwa juu kama wiki hii. Usinihurumie. Mpwa wa mzee alinichukua hivyohivyo, akasema gari limempita lakini mwalimu hataki ampite.

Kwa hiyo chumba kile wape watoto, rangi isiharibike bure. Wewe njoo mwisho wa mwezi kama ulivyopanga, ila njoo kututembelea tu. Usichukue teksi. Ukishuka kwenye basi utamwona dereva wako anakungoja, na safari hii wewe ndiye utakayepelekwa nyumbani kwa Mama. Mlango wa nyuma bado unafunguka kwa ndani tu, kwa hiyo simama hapo ungoje ufunguliwe. Njiani usimkosoe. Ukiona mguu wako unakanyaga sakafu kutafuta breki, vumilia, hata wangu unatafuta bado. Mkifika uani usishuke upesi, mwache amalize. Siku hizi anaingia kinyumenyume, gari likisimama linatazama lango.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mama anakusalimu, anauliza mto wa abiria ulete wako au akushonee.

Ni mimi mdogo wako, asiye na gari,

Pua