Msomaji wa Pili

Chumba cha Bahasha,
Ofisi ya Jarida, ghorofa ya tatu,
Jumatatu, 17 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Miwani,

Pokea salamu nyingi za mjomba wako, ambaye siku hizi ni mhariri mkuu wa jarida la wasomi. Hujambo? Kifua kimepona? Baridi ya huko bado inakung'ata? Mimi mzima, ila magoti yamegoma. Kila ngazi naibembeleza kwanza ndipo nipande.

Haya, nimekudanganya. Bado ni tarishi yuleyule, nabandika stempu na kuchemsha chai. Uhariri wangu ulidumu dakika kumi, mama mhariri alipotoka nikakalia kiti chake. Kinazunguka vizuri.

Barua yako nimeipata. Unalalamika makala yako imekaa miezi saba kwenye jarida la huko bila jibu. Pole, baba. Lakini ninyi mliosoma mnajua kuandika tu. Makala inapita wapi, hamjui.

Ikifika hapa, mama mhariri anaisoma kwanza. Ikiwa upuuzi, kesho yake inarudi kwa mwenyewe. Ikiwa na uhai, inakuja kwangu. Natoa ukurasa wenye jina, kisha napitisha wino mweusi kila mahali mwandishi alipojitaja, na wanavyopenda kujitaja hao! Nakala mbili zinakwenda kwa wasomaji wawili. Wao hawamjui mwandishi, na mwandishi hawajui wao. Kila mmoja aseme: ichapwe, irekebishwe, au itupwe. Wasipopatana, anatafutwa wa tatu.

Ni kazi ya bure, kwa hiyo wanaifanya wakijisikia. Hapo ndipo ninapochoka.

Kuna makala kuhusu watoto wanaoandika kwa mkono wa kushoto. Niliisoma nimekaa ngazini. Mimi wa darasa la nne, niliyechapwa kwa sababu ya mkono huohuo, nikaelewa kurasa tatu nzima. Aliyeiandika ni mwalimu wa mkataba. Jina silisemi hata unikune mgongo. Mkataba unakwisha tarehe thelathini, na hauongezwi asipoonyesha barua kwamba makala imekubaliwa. Msomaji wa kwanza alijibu baada ya wiki tatu: ichapwe. Wa pili kimya, mwezi wa tano huu.

Mwalimu huja kila Jumatatu. Leo pia kaja.

"Mzee wangu, bado?"

"Bado, mama."

"Huyo msomaji wa pili yu hai kweli?"

"Yu hai sana. Anakula kama mchwa."

"Kumbe unamjua!"

"Mimi? Mimi najua stempu tu."

Akacheka kidogo, akakaa kwenye benchi, akavua viatu akawa anajikanda miguu. Nikajifanya natafuta gundi. Maana anwani ya msomaji wa pili niliiandika kwa mkono wangu, mpwa. Ni yako.

Mama mhariri kasema Ijumaa ya tarehe ishirini na nane ikipita bila jibu lako, anatafuta msomaji mwingine, waanze upya. Kwa mwalimu, kuanza upya ni kufukuzwa.

Mama yako anakusalimu. Anasema kwenye picha umenenepa shingo tu. Nisalimie mkeo na wale pacha. Mungu awatunze, na wewe akupunguzie usingizi wa mchana.

Sasa nikukumbushe jambo. Ulipovunja redio ya baba yako, nilisema ni mimi niliyeidondosha. Hadi leo shemeji akiniona nabisha hodi anaficha vyombo vyake. Fadhila ile hujairudisha. Irudishe Jumamosi hii: kaa chini, isome makala, umtumie mama mhariri jibu kwa barua pepe. Sikuombi uisifu. Kama ni mbovu, sema ni mbovu na useme wapi. Lakini sema.

Ni mimi nikupendaye pamoja na uvivu wako,

Mjomba.