Matanga ya Santuri

Alhamisi, 1 Julai 1976

Baridi. Nyasi zilikuwa nyeupe mpaka saa mbili asubuhi. Nimeshona suruali mbili za bugaluu, moja ya Obedi fundi viatu. Anataka chini ipanuke mpaka ifunike kiatu chote. Nikamuuliza raizoni, vile viatu vya soli nene, anajishonea za nini basi, kama hazitaonekana. Akasema bendi ya Inkuba inavaa hivyo kwenye picha. Katika kundi letu la wapenzi wa bendi hiyo ukishasema hivyo, ubishi umekwisha.

Picha yenyewe ni hiyo moja tu, kwenye jalada la santuri. Vijana wanne wa ng'ambo ya Tunduma wamekaa juu ya gari na magitaa yao, nywele kama vichuguu. Hatujawahi kuwaona. Redioni hawapigwi. Dereva wa lori alituletea hiyo santuri moja mwaka juzi, na mpaka leo ni hiyo hiyo: mwezi mmoja inakaa Mbeya kwetu, mwezi mmoja Iringa kwa wenzetu. Kesho Obedi anaifuata Iringa. Wiki ya kwanza inalala kwangu.

Jumamosi, 3 Julai

Obedi amefika saa kumi na moja, mwekundu wa vumbi. Santuri aliifunga kwenye kitenge, akaipakata njia nzima. Alikaa mbele kabisa, juu ya kifuniko cha injini, ili watu wasiikanyage. Akanikabidhi, akaenda kulala.

Nikanawa mikono, maana ndiyo kanuni yetu ya kwanza. (Ya pili: anayeongea wimbo ukiendelea anasimama mguu mmoja mpaka uishe.) Nikafungua. Ukingo mmoja umeinuka kidogo, kama sahani ya bati iliyoanguka. Pengine itaimba tu. Lakini kesho wote wataiona, na itaonekana imepinda mikononi mwangu. Sipendi kitu kilichopinda.

Jumapili, 4 Julai

Nimefanya ujinga. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Kabla ya ibada pasi ya mkaa ilishapata moto kwa ajili ya gauni langu. Nikaitazama pasi. Nikaitazama santuri. Miaka sita ninanyoosha kila kilichojikunja katika mji huu: kola, marinda, hata kanzu ya katekista. Nikatandika kitambaa cha marekani chini, kingine juu, nikapitisha mara moja, polepole. Nikaona mara ya pili itakaa sawa. Ikakaa sawa kweli, bapa kama meza. Nilipofunua, mistari ya nyimbo ilikuwa imefutika na nyuzi za kitambaa zimejichora mahali pake. Pande zote mbili.

Sikulia. Nilienda kanisani na gauni lenye mikunjo.

Saa kumi tulikutana kwa Mwalimu Ambakisye, mwenyekiti wetu, mwenye gramafoni. Watu kumi na wawili, wote wameshanawa. Mwalimu akaitoa kwenye jalada, akaigeuza pande zote mbili. Akaweka sindano. Ikateleza kutoka pembeni mpaka katikati, inakwaruza tu. Wakanigeukia. Nikasema nimeikuta hivyo ilipofika.

Mwalimu akaiinua kwenye mwanga. "Ona, hata nyuzi za kitenge zimejichora. Obedi, kwenye basi ulikaa wapi?"

"Mbele, Mwalimu. Juu ya injini."

Basi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, na niliiona inapita. Nikaaga kama wenzangu, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 6 Julai

Obedi hajaja kuchukua suruali yake. Nimeipeleka mwenyewe kwenye kibanda chake. Akasema nimpe mtu mwingine, yeye hana uso wa kuivaa.

Nimerudi nayo nikiwa na hasira. Hasira juu yake! Mbona hajitetei? Mbona haulizi? Angepiga kelele kidogo tu, ningesema.

Uongo. Nisingesema.

Alhamisi, 8 Julai

Kikao kwa Mwalimu. Imependekezwa Obedi asibebe tena kitu chochote cha kundi. Wa kwanza kunyoosha mkono kukubali alikuwa Obedi mwenyewe. Nami nikanyoosha. Huu mkono huu.

Jumamosi, 10 Julai

Kondakta kaleta barua ya Iringa. Wenzetu wa kule tulishajifanya watani siku nyingi. Wao wanatuita Migomba, sisi tunawaita Ulanzi, kwa pombe yao ya mianzi. Mwalimu ameisoma kwa sauti ya ibada:

"Tumesikia msiba. Ole wenu mkizika bila watani. Tunakuja Jumamosi tarehe kumi na saba, watu saba, wote wana njaa. Mama Kihwele."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Hapo hapo ikaundwa kamati ya mazishi ya santuri. Mmoja achonge jeneza, wawili wachimbe kaburi nyuma ya migomba ya Mwalimu. Obedi hakupewa kazi. Kisha Mwalimu akanigeukia, akasema, "Sanda atashona Dada Tuse. Ndiye aliyempokea marehemu."

Nilicheka nao. Najichukia.

Jumatano, 14 Julai

Nimeshona sanda. Duara la kitambaa cheupe, pindo jembamba, mshono haujayumba hata kidogo. Kumbe mkono hauna aibu, kazi yake ni kushona tu.

Mchana nimepita kwa Obedi, nikasimama mlangoni. Alikuwa anakata soli kwenye tairi. Nilitaka kusema, nikaishia kuagiza kisigino kwa kiatu ambacho kisigino chake ni kizima. Akakipokea.

Nimeamua. Nitasema Jumapili, mazikoni, mbele ya wote. Nimeandika hapa ili nisirudi nyuma.

Jumamosi, 17 Julai

Ulanzi wamefika. Mama Kihwele anauza vitenge sokoni kwao. Mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi. Ameshuka kwenye basi analia machozi ya kweli. Anayapata wapi, Mungu anajua.

"Kamwene, wafiwa! Nani kamuua mtoto wetu? Tulimtoa Iringa mzima, anaimba!"

Stendi nzima imesimama kutushangaa. Kufika kwa Mwalimu kapora mwiko, akakalia sufuria ya maharage, kasema hatupati kitu mpaka tumbembeleze. Tumembembeleza kwa kuimba wimbo wa kwanza, upande wa kwanza, gitaa tukiliiga kwa midomo. Kila mtu na gitaa lake, hakuna aliyekubali kuwa ngoma.

Obedi alibeba mizigo yao kutoka stendi. Hakuna aliyemtuma. Alipoitua akaondoka, hakula.

Jumapili, 18 Julai

Saa nane mchana. Jua zuri, baridi ya kivulini tu. Watu thelathini hivi, wengine ni majirani waliofuata kelele. Jeneza la ubao, bapa, kama la chapati. Mwalimu akasoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa kwake kusikojulikana, safari zake za basi, na jinsi alivyoimba mara nyingi kwa wanaojua na wasiojua alichosema. Alisoma vizuri mpaka mwishoni akakwama kidogo kweli. Nadhani hakutegemea.

Wakati wa kuteremsha jeneza, Mama Kihwele akatia mguu kaburini. Kaburi lenyewe linaenea mguu mmoja. Akasema hazikwi mtu hapa mpaka aliyeua ajulikane. Watani wawili wakamleta Obedi, wamemfunga mikono kwa kamba ya mgomba. Vicheko. Obedi naye alicheka, kwa meno tu. Akaulizwa una la kujitetea? Akatikisa kichwa.

Nikasema, "Mwacheni. Ni mimi. Niliipiga pasi."

Wakatazamana. Halafu wakaanguka. Sijawahi kuona watu wakicheka vile. Mzee mmoja jirani alikaa chini kabisa. Nikarudia, nikapaza sauti: "Kweli! Kwa pasi ya mkaa, na kitambaa cha marekani!" Ndiyo nikawamaliza. Mama Kihwele akatoa mguu kaburini, akanikumbatia mpaka mgongo ukalia. "Migomba leo mmetuweza! Kapiga pasi santuri! Huyu ndiye mtani!" Wakamfungua Obedi kamba, wakazika, wakala.

Mpaka jioni watu wakiniona wanafanya mkono hivi, kama wanapiga pasi.

Nimesema kweli mbele ya watu thelathini na bado sijasema.

Jumatatu, 19 Julai

Ulanzi wameondoka na basi la asubuhi. Kabla sijafungua vizuri mlango wa chumba cha cherehani, Obedi akaja na kiatu changu. Kisigino kipya, kazi safi. Akasimama.

"Asante dada, kwa jana. Wewe peke yako umenikinga."

Akaenda zake. Nimekaa na kiatu mapajani hata sijui muda gani. Nilidhani nimeshaona aibu yote. Kumbe hii ndiyo.

Alhamisi, 22 Julai

Nimekwenda kwake mchana, nimekunja vile vitambaa viwili vya marekani chini ya kanga. Nikavitandaza juu ya meza yake, kati ya misumari. Kila kimoja kina duara jeusi, kipimo cha santuri kamili, na tundu la katikati linaonekana. Nikamwambia haikuwa utani. Nikamwambia na pasi, na gauni la ibada, na kwamba ilipofika ilikuwa imeinuka ukingo tu, huenda ingeimba. Nikasema yote, mpaka ule mkono niliounyoosha kikaoni.

Alipitisha kidole kwenye lile duara, akalizunguka lote. Hakuniangalia.

Akasema, "Mimi tangu siku ile hata mluzi wa nyimbo zao sijapiga. Niliona sistahili."

Nikasema nisamehe. Akauliza kama Mwalimu anajua. Nikasema ninatoka hapa kwenda kwake, na Iringa nitaandika leo hii, barua ambayo hawataicheka. Akasema sawa. Akavikunja vile vitambaa vizuri, kona kwa kona, akanirudishia. Akachukua nyundo.

Nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye bomba la maji, penye foleni ya ndoo, niliposikia mluzi nyuma yangu. Wimbo wa tatu, upande wa kwanza. Ulianza chini sana, kama wa mtu anayejaribu mlango. Akakosea pale unapopanda. Akarudia. Akakosea tena. Nilisimama kati ya ndoo za watu mpaka akaupata, kisha nikaenda kwa Mwalimu.