Hema la Mtu Mmoja

Jumatatu, 1 Septemba

Likizo imepitishwa. Siku sita, kuanzia Jumamosi tarehe 27. Mkuu wa maabara yetu ya meno ya bandia alitia sahihi bila kuinua macho, akauliza tu nani atamalizia meno ya juu ya yule mwalimu mstaafu. Nikasema yatakuwa yamekwisha.

Nimemwambia mume wangu wakati wa chakula. Nakwenda milimani kwa pikipiki, nitalala kwenye hema. Akauliza na nani. Nikasema peke yangu. Akaomba chumvi.

Daftari hili ni la vifaa. Pikipiki naijua, mwaka wa tatu huu naenda nayo kazini, jua na mvua. Kulala nje sijui. Kulala peke yangu pia sijui. Nilihesabu leo nikisugua sahani: nyumbani wasichana watano chumba kimoja, kisha bweni, kisha ndoa. Mume akisafiri, watoto walihamia kitandani. Tangu watoto waondoke, hajasafiri. Hata kujifungua nilikuwa na wagonjwa kulia na kushoto. Miaka arobaini na saba, hata usiku mmoja. Silalamiki. Nimehesabu tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Kobe ameleta mifuko ya plasta ya kufinyangia meno. Ndiye anayetuletea mizigo maabara, na jina hilo alipewa kwa sababu kila likizo anapanda pikipiki na nyumba yake mgongoni. Miaka kumi na tano sasa. Nilimwuliza mtu asiyejua kitu anunue nini kwanza. Akakalia mfuko wa plasta, akaniuliza yeye: nitakwenda kilomita ngapi kwa siku, na je, mimi ni mtu wa kusikia baridi upesi. Upesi sana, nikasema.

"Basi dada, anza na kitanda. Watu huanza na jiko kwa kuwa jiko linapendeza. Halafu hawalali, kesho yake wanasinzia kwenye kona."

Mengine niliyoandika nyuma ya fomu ya oda: vizito vikae chini, karibu na mapaja. Taa ya nyuma isifunikwe. Koti la mvua liwe juu ya kila kitu. Kitu kinachoanza na "huenda nikakihitaji" kibaki nyumbani.

Nikamwuliza kama mkewe huenda naye. Alikwenda mara moja, akasema.

Jumamosi, 6 Septemba

Duka la vifaa vya safari, ghorofa ya pili, juu ya wauza rangi. Harufu ya mpira mpya. Muuzaji ni mzee mwenye miwani iliyogangwa kwa gundi, mpole, anavua viatu kabla ya kuingia kwenye mahema yake.

Ameyasimamisha matatu sakafuni. La mtu mmoja, kilo moja na nusu. La wawili, kilo mbili na ushee. La familia, ambalo kwa pikipiki ni kichekesho. Akauliza, "Mama, mtakuwa wangapi?" Nikasema mmoja. Akasema hata hivyo chukua la wawili, wa pili atakuwa mzigo wako. Mzigo haukoromi, akaongeza.

Akaniambia nilale ndani, ndivyo mtu anavyochagua. Nikalala, nimevaa sketi ya kazini. La mmoja: kitambaa karibu na pua, mabega yanagusa pande zote mbili. Nikakumbuka sanda na mambo mengine yasiyofaa kukumbukwa dukani. Nikatoka, nikaingia la wawili. Nafasi tele. Nikatulia humo kama dakika tano, nikisikia watu wakibishana bei ya rangi chini. Ndipo nikaona nimelala upande wa kushoto kabisa, nimebana ukingoni, kama kitandani kwetu. Upande wa kulia mtupu.

Sikununua kitu. Nimerudi na karatasi ya picha na vipimo.

Jumapili, 7 Septemba

Mume ameikuta karatasi mezani. Ameisoma yote, kama alivyokuwa akisoma ripoti za mabomba enzi za idara ya maji. Akasema, "Nunua la wawili."

Jumatano, 10 Septemba

Jiko. Kuna la gesi, lenye kopo la kusokota, na la spiriti. La gesi linachemsha upesi. Lakini kopo likiisha njiani utalipata wapi? Spiriti nimeishi nayo miaka ishirini na miwili, ndiyo tunayowashia moto wa kulainisha nta ya meno maabara. Naijua inavyoungua, naijua inavyodanganya mchana moto wake usionekane. Na inauzwa duka lolote la dawa. La spiriti.

Nimepima vitu kwenye mizani ya maabara baada ya saa za kazi. Sufuria ndogo gramu 140. Ya pili 210. Tochi ya kichwani 85. Mkuu akatokea mlangoni.

"Unapima nini hapo?"

"Sufuria."

Akatazama kidogo, akazima feni, akaenda zake.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimenunua. Godoro jembamba la sponji linalokunjwa. Mfuko wa kulalia—huu una tarakimu mbili za baridi kwenye lebo. Mzee wa miwani alinieleza bila kuona haya: ya kwanza ni baridi ambayo utalala vizuri, ya pili ni baridi ambayo hutakufa. Wauzaji wengi hutaja ya pili. Nimechukua kwa kufuata ya kwanza. Mabegi mawili ya pembeni yasiyoingiza maji. Vigingi vya akiba.

Na hema. La mtu mmoja, lisilo na upande wa kubaki mtupu. Limo kabatini nyuma ya mablanketi, bado kwenye mfuko wake.

Jumapili, 14 Septemba

Leo nimejaribu kupakia. Mume alikuwa ndani anasikiliza redio. Mabegi pembeni, na juu ya keria nikarundika godoro, hema, kiti cha kukunja, masufuria, maji lita tano. Ikapendeza. Nikaitoa polepole hadi getini, nimeipanda, injini imezimwa. Mguu ukateleza kwenye kokoto. Nikahisi pikipiki inaegemea, nikasema nitaizuia. Haizuiliki. Ikalala, na mguu wangu wa kulia chini yake.

Sikuumia. Buti limechubuka. Lakini sikuweza kujitoa, na aliyetoka mbio na kandambili ni yeye. Mgongo wake ni mbovu tangu alipoanguka kwenye shimo la bomba, anajua, ninajua. Nikamwambia asiguse, aite jirani. Akashika keria, akainua. Pikipiki ikasimama. Yeye akabaki ameinama, kama mtu anayetafuta sindano.

Daktari wa viungo: siku kumi na nne, alale mahali pagumu. Sakafu yetu ni ya vigae, baridi. Nikamtandikia godoro langu jipya sebuleni.

Jumatatu, 15 Septemba

"Hili godoro zuri," amesema asubuhi. "Umechagua vizuri."

Kwa hiyo usiku wangu wa kwanza peke yangu umekuwa chumbani kwangu mwenyewe. Nililala kushoto.

Jumatano, 17 Septemba

Wifi amekuja kumwona kaka yake. Alipita mlango wa jikoni akanikuta naandika gramu.

"Wifi, mume yuko sakafuni na wewe unapima kikombe?"

Nikamwambia chai iko tayari. Akakaa.

"Nyumba ina vyumba vitatu. Unatafuta nini kwenye kitambaa? Mwenzio akikuita usiku, utamsikia ukiwa mlimani?"

Nikasema bado sijaamua kama nitakwenda. Ilikuwa kweli. Kutoka sebuleni, kwa sauti ya mtu anayetazama dari, mume akasema, "Mwache." Wifi akanywa chai yake. Akaniachia chupa ya mafuta ya kuchua, na amri ya kuchua mara mbili. Nachua mara tatu. Ananielekeza mahali kwa neno moja moja: chini, kushoto, hapo.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemwambia Kobe kuhusu kuanguka. Hakucheka. Akasema nimemjengea mnyama mkia, na mkia ndio uliomwangusha. Uzito wote nyuma na juu. Toa theluthi, maji yaje mbele, chini kabisa ya begi.

Nimetoa: kiti. Lita tatu za maji. Sufuria ya pili. Taulo kubwa. Kikombe cha pili.

Kikombe cha pili nilikipakia kwa nini, sijui.

Nikamwambia huenda nikaahirisha, mume haumwi tena sana ila hainuki vizuri. Akafunga kamba zake. "Dada, mimi najua mizigo tu," akasema.

Jumapili, 21 Septemba

Nilikuwa naanika nguo. Nikamwona anatoka kwa kushika ukuta, hatua fupi, na mkononi mfuko wa hema. Amelitoa kabatini mwenyewe. Akaniomba nilisimamishe. Maelekezo ni michoro mitupu isiyo na neno hata moja, nikakosea nguzo mara mbili. Akanielekeza kutoka kwenye kiti, mgongo wima kama hakimu. Likasimama kati ya kamba ya nguo na tangi.

Alilipima kwa macho.

"La mmoja," akasema.

"Ndiyo."

Akaomba mpira wa maji. Alilinyeshea nusu saa kamili, akiangalia saa ya mkono, akianza na manyunyu, kisha akabana mdomo wa mpira na kidole yakawa ya kupiga. Mimi nikiwa ndani, nimelala, natazama mishono. Aliniamuru niguse kila kona. Dakika ya kumi na nane tone likaniangukia shavuni.

"Linavuja kichwani," nikasema.

"Subiri, usitoke. Nionyeshe kwa kidole kutoka ndani."

Nikagusa kwa ndani. Akagusa kwa nje, palepale, akaweka alama kwa kalamu. Jioni, lilipokauka, alipaka gundi ya mishono, mistari miwili, safi kuliko yangu. Miaka thelathini ya kusaka mahali maji yanapopita. Tulikula tumechelewa.

Alhamisi, 25 Septemba

Daktari amesema anaweza kurudi kitandani kabla ya siku zake kuisha. Amelikunja godoro, amelifunga kwa kamba yake mwenyewe, amelisimamisha karibu na mlango wa mbele. Sikumwomba.

Nikamwuliza, "Nisipokwenda?"

"Utakuwa hapa."

"Na nikienda?"

Alikuwa anavaa soksi, kazi ndefu siku hizi. Akasema, "Usiniombe ruhusa. Nitakupa, halafu safari itakuwa imetoka kwangu."

Meno ya mwalimu yamekwisha. Alijaribu kucheka nayo mbele ya kioo, akasema ya awali yalimzeesha.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimeondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Alishika geti. Alitazama taa ya nyuma kama inaonekana, akainua dole gumba.

Kilomita 174. Mzigo umetulia, pikipiki inainama kwenye kona inavyotakiwa. Saa mbili za kwanza mabega yalikuwa mawe. Kisha yakaachia, sijui kilomita ya ngapi. Nilikula ndizi na mkate kando ya barabara, nimesimama. Watu wawili waliniuliza mwenzangu yuko wapi. Wa pili nilimwambia anakuja nyuma. Sijui kwa nini nilisema hivyo, nilikuwa nimeshawasha injini.

Saa saba mume alipiga simu. Nimefika wapi, breki je, nimekula. Kisha: "Mvua ikinyesha, omba chumba. Usikae nje." Nikasema sawa. Ilitoka haraka, kama mtu anavyosema sawa kwenye simu.

Saa kumi nimefika kwenye uwanja nyuma ya shule, Kobe ndiye aliyenielekeza. Mlinzi wa shule na mkewe wanakaa chumba cha pembeni. Waliniruhusu nisimamishe hema karibu na ukuta. Dakika kumi na moja, nguzo sahihi mara ya kwanza. Godoro ndani, mfuko wa kulalia juu yake. Nikawasha jiko. Upepo uliuzima mara mbili, nikalikinga kwa begi.

Mke wa mlinzi amekuja na mtandio kichwani, akalitazama hema, akanitazama mimi.

"Mama, ndicho hiki chumba chako?"

"Ndicho."

"Darasa la kwanza liko wazi, nimefagia. Kuna mkeka. Wingu lile si la mchezo." Akaonyesha mlima, ambao kwa kweli haupo tena, limebaki wingu tu. Nikamshukuru. Akasema hatafunga mlango, nije wakati wowote, wala nisibishe hodi. Mkarimu kabisa. Nikamwambia nitaona. Alikwenda akigeuka nyuma mara mbili.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro. Naandika nikiwa ndani, nimekalia godoro, mlango wa hema wazi, miguu nje. Kutoka hapa hadi darasani ni hatua kama arobaini. Nimekunywa chai. Baridi inapanda kutoka chini, lakini si ile ya tarakimu ya pili. Hakuna sauti ya mtu. Niliogopa kwamba nitaogopa. Kuna kitu, ila sijakijua jina.

Matone. Makubwa, machache. Nimevuta buti ndani, nimefunga zipu.

Sasa imekolea. Ndani ya kitambaa mvua ina kelele kuliko nilivyodhani, kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia bila kukoma. Nagusa mishono. Mikavu. Mke wa mlinzi amewasha taa ya darasani, naiona kupitia kitambaa, doa la njano.

Simu inaita. Ni yeye. Nikipokea hapa ataisikia mvua, na ataisikia inapiga nini. Miaka thelathini, huyo anaijua sauti ya maji juu ya kila kitu. Hatua arobaini tu, nikikimbia nitapokelea chini ya bati.

Bado inaita. Nimekaa katikati ya godoro na simu mkononi. Naipokea hapa hapa, aisikie mvua.