Kiapo Nilichokichelewesha

Kwihara,
Tabora.
18 Novemba 2024

Mpendwa binti yangu Advera,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hukohuko Kanada, na shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba, mwanangu. Hujambo? Kile kifua cha baridi kimeachia? Na wazee unaowatunza kazini, bado wanakusumbua? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila ninapoinama shambani. Mwanao Theodora ni mzima na anakula kama wakulima wawili.

Mvua imeanza. Tumepanda mahindi upande wa barabara na karanga kule nyuma. Watalii wakija kuangalia lile tembe, nyumba ya kale ya makumbusho, Theodora anawakimbilia kuwasalimu kwa Kiingereza. Anasema anajiandaa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu tukipiga simu mtoto huwa ameegemea bega langu, anasikia yote. Barua hii nimeitia kwenye bahasha ya vyeti, maana hiyo najua utaifungua kwa makini.

Ile karatasi ya masharti ya viza, mdogo wako Wilbroad alinisomea mara mbili. Pasipoti, picha, kipimo cha kifua, ridhaa ya baba, na cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama anayemwita mtoto. Hapo kwenye cheti ndipo tulipokwama, na kosa ni letu wenyewe. Unakumbuka Kornel hakuwa ametoa mahari ulipomzaa Theodora, na kwetu mtoto wa namna hiyo ni wa nyumba ya mama. Marehemu baba yako hakuona haja ya kuuliza mtu. Alipanda baiskeli mpaka mjini akaandikisha: baba Silasi, mama Bernadeta. Akarudi anapiga mluzi. Cheti kilikaa sandukuni miaka kumi na moja bila kumuudhi yeyote. Leo wenye viza wanasema kwa karatasi zetu wewe ni dada yake tu.

Nilipanda treni mpaka Kaliua kumtafuta Kornel. Anatengeneza pikipiki karibu na stesheni, ana mke na watoto wengine. Nilikwenda na maneno makali tayari mdomoni, sikuyatumia. Alifuta mikono, akasaini ridhaa, akauliza tu, "Mama, siku hizi ana urefu gani?" Nikamwonyesha kwa mkono. Nilirudi nikimwonea huruma, jambo ambalo sikulipanga.

Kikabaki kiapo changu mbele ya wakili, cha kubadilisha cheti. Sasa nisikilize vizuri, Advera. Nilikuambia wakili amesafiri kwenda Dodoma. Hakusafiri. Alikichapa kiapo mwanzoni mwa Septemba, nikaomba nikakisome kwanza nyumbani, nikakifungia kwenye sanduku la kanga. Kinasema mimi si mama wa Theodora, sijawahi kuwa mama yake, na sina pingamizi aondoke. Hilo la pingamizi ningelimeza. Lile la katikati ndilo lililonishinda. Nani alikesha naye siku za surua? Mimi ananiita mayu, kama wewe ulivyoniita, na wewe anakuita dada. Najua linakuuma. Mimi lilikuwa linanifurahisha, Mungu anisamehe.

Kila wiki ulipiga kuuliza kama wakili amerudi, nami nikajibu bado. Nilikusikia ukilia. Nilikuwa mchoyo, mwanangu, na niliogopa. Nilikuwa nikitandika mkeka wa kulia nawaza utakuwa na sahani moja. Wilbroad huja Jumapili, anakula, anatazama simu yake, anaondoka. Na kuongea na kuku nako kuna mwisho wake.

Kisha Jumamosi moja ya Oktoba, na joto letu la Oktoba unalijua, nilimkuta mtoto chumbani amevaa lile koti zito ulilomtumia mwaka jana. Amelifunga vifungo mpaka kidevuni, jasho linamtiririka. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nalizoea, mayu," akasema, akaninyooshea mikono nimtazame.

Mikono ya koti ilikuwa imeishia mbali na vifundo vya mikono yake. Ulilinunua kwa kukadiria na lilimkaa vizuri. Limekuwa dogo likiwa limening'inia ukutani, halijatoka nje hata siku moja.

Jumatatu nilikwenda mjini nikaapa na kusaini. Wakili aliniuliza kama nimeelewa nilichosaini. Nikamjibu nimeelewa kuliko yeye. Cheti kipya kimetoka juzi, na jina lako limeandikwa mahali pake.

Akifika, usimpe maziwa yenye utando, hayanywi. Usimlazimishe kukuita mama, mwache alifikie mwenyewe. Akilia usiku atasema anaota, lakini haoti. Mnunulie koti jingine, kubwa kidogo. Nyuma ya karatasi hii amechora kiganja chake ili ujue kipimo cha glavu.

Wilbroad anakusalimu sana. Mama Koleta jirani anakusalimu pia, ameanza kuja jioni kukaa na mimi hata nisipomwita, nadhani ameshaona. Michembe ya viazi nimekausha, atakuletea.

Mungu akutangulie kazini na njiani, na siku ya kumpokea mtoto akupe mikono yenye nguvu, maana amekuwa mzito.

Wako akupendaye,
mama yako, na hilo hakuna aliyeniapisha kulikana,
Bernadeta