Kifungo Ambacho Hakikupotea

Mama Watoto,

Maharage yameiva, bado chumvi. Mwachie mama yako atie, mkono wako tunaujua. Fundi bomba akija, asiondoke kabla sinki halijaacha kuvuja.

~~Mwambie mama kile kifungo nimekipata.~~ Usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe. Hakukuwa na kifungo.

Ulipokuwa bafuni, mgongo ulinikaza nikifunga viatu, nikajilaza sakafuni sebuleni. Mama yako akanikuta. Mtu mzima kukutwa chini na mkwe wake, niliona haya, nikasema natafuta kifungo cha shati. Basi naye, na magoti yake yale, akapiga magoti anisaidie. Tukapapasa chini ya kochi mpaka machozi yakanitoka. Akaacha kutafuta, akasema taratibu, “Pumzika, baba. Hujamkosea mtu.”

Nilishindwa kumtazama usoni. Ndiyo maana nimetoka bila chai.

Daktari alisema picha ya eksirei ni safi, kwamba mawazo nayo huukaza mgongo, ila maumivu ni ya kweli. Mimi nikasikia “unajifanya” tu. Tangu hapo nakuficha maumivu, na ukiniuliza nakujibu kwa mkato. Kosa si lako. Nadhani si langu pia, ingawa kuliandika hilo kumenichukua muda.

Leo nitanyoa nimekaa kwenye stuli. Wateja wakitaka kumcheka kinyozi aliyekaa, wacheke.

Jioni nikishindwa kuvua viatu, nitakuita.

Baba Watoto